Ukurasa wa Kyubu Zilizofeli

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa ya Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imeshika, ile inayomfanya mtu akumbatie kikombe cha chai kwa mikono miwili hata kama hana hamu ya kunywa. Tulikuwa watatu katika chumba cha mikutano cha chuo, na mbele yetu kulikuwa na rundo la ripoti za fildi, yaani mafunzo ya kazini, za wanafunzi wa uhandisi ujenzi. Nakusimulia siku hiyo kwa sababu wiki ijayo na wewe utakaa kwenye meza kama ile kwa mara ya kwanza, utashika kalamu nyekundu, na hakuna atakayekueleza unachokishika.

Kwanza nikurudishe nyuma kidogo, nilipokuwa kijana kama wewe. Mafunzo yangu ya kazi niliyapata Iringa, chini ya mhandisi mmoja mzee, Mhehe wa maneno machache. Kila Ijumaa alitukusanya sisi vijana, akachukua ripoti ya mmoja wetu na kuisoma kwa sauti. Siku moja alisoma ya mwenzetu, akafika mahali palipoandikwa kwamba kazi ya wiki ilikwenda vizuri. Akavua miwani.

"Ilikwenda vizuri?" akauliza. "Mimi nilikuwepo. Mashine ya kuchanganyia zege iliharibika, mvua ikatufukuza, saruji ikaganda kwenye mifuko. Hiyo iliyokwenda vizuri ilikuwa kazi ya nani?"

Tulicheka mpaka mwenye ripoti naye akacheka. Kisha mzee akasema, kwa upole tu, kwamba ripoti haiandikwi ili mwandishi asifiwe. Inaandikwa kwa ajili ya mtu atakayekuja kurekebisha mambo wakati sisi hatupo. Neno hilo nimeishi nalo hadi nywele zimekuwa nyeupe.

Basi, turudi chumbani. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu Sanga, mtu mwema, mcheshi, mwenye haraka. Wa pili alikuwa mwalimu Halima, binti wa wafanyabiashara wa hapa hapa mjini, mwalimu kijana aliyekuwa bado anajifunza wapi aseme na wapi anyamaze. Tulikuwa na mwongozo wa kusahihishia: alama kwa mpangilio, alama kwa picha na michoro, alama kwa lugha, na alama nyingi kuliko zote kwa kipengele cha kufikiwa kwa malengo.

Ripoti ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya kijana mmoja aliyefanyia fildi kwenye kalavati, lile daraja dogo la kupitisha maji chini ya barabara kuu, pale Ipogolo, Iringa. Ilikuwa imefungwa vizuri, jalada linang'aa, majedwali ya takwimu yamepangwa kama askari wa gwaride. Nikasoma. Katikati ya maelezo ya kalavati nikakuta sentensi inayosema kwamba ngazi za ghorofa ya tatu zilimwagwa zege kwa uangalifu.

"Jamani," nikasema, "kalavati hili lina ghorofa ya tatu."

Halima akaziba mdomo kwa kitenge chake. Sanga hakuinua macho. "Kosa la kuchapa hilo, mzee. Angalia mpangilio."

Halikuwa kosa la kuchapa. Wewe mwenyewe unajua, mwanangu, kwa sababu umetoka huko juzi tu. Nje ya geti la chuo kuna vibanda vya stesheneri, na kwenye kompyuta zao zimelala ripoti za miaka iliyopita. Kijana anaingia, anabadilisha jina, anabadilisha mahali, anafungiwa kazi yake kwa jalada jipya, anaondoka. Huyu alisahau kuondoa ngazi. Tulimpa alama za juu.

Ya pili ilikuwa ya binti aliyeitwa Atupele, mtoto wa Ilomba. Na yeye alikuwa Ipogolo, kwenye kalavati lile lile. Jalada lake lilikuwa la kawaida, na Kiingereza chake kilikuwa kinachechemea. Lakini nilipofika katikati nikaweka kikombe chini.

Alikuwa ameandika kuhusu kyubu, yale matofali madogo ya zege tunayoyaloweka majini kisha tunayavunja maabara ili tujue zege lililomwagwa lina nguvu kiasi gani. Za kwake zilifeli. Zilivunjika mapema kuliko inavyotakiwa. Akaandika hivyo, bila kuficha, na akaweka picha. Kisha akaeleza sababu mbili. Ya kwanza, mchanga ulikuwa umelowa mvua, na maji yalipimwa kana kwamba mchanga ni mkavu, kwa hiyo huenda maji yalizidi kwenye zege. Ya pili, yeye mwenyewe alipewa kazi ya kuzitunza kyubu majini, lakini alipata msiba nyumbani, akaondoka bila kukabidhi kazi kwa mtu, na aliporudi alizikuta zimekauka juani. Akamalizia hivi: sijui ni sababu ipi kati ya hizi mbili. Kwa hiyo sijui kama zege la kwenye kalavati ni dhaifu au ni kyubu tu zilizoharibika. Napendekeza zege lenyewe lipimwe.

Mwanangu, nikueleze taratibu uone uzito wa ukurasa ule. Msichana wa mwaka wa pili ametenganisha anachokijua na asichokijua. Amejitaja pale alipokosea. Ameonyesha ni kipimo gani kingemaliza ubishi. Wapo wahandisi wenye mihuri ambao hawajawahi kuandika ukurasa wa namna hiyo.

Nikawasomea wenzangu. Sanga akasikiliza mpaka mwisho, nakiri.

"Mzee," akasema, "wewe unasoma ripoti kama unasoma barua ya posa. Sasa malengo yamefikiwa au hayajafikiwa?"

"Hayajafikiwa. Ndiyo maana ameandika."

"Na mhandisi anaandika 'sijui'?"

"Kama hajui, aandike nini?"

"Aandike alichofundishwa! Mwongozo unasema malengo. Hapa ni sifuri. Halima, wewe unaonaje?"

Halima alinitazama, kisha akamtazama mwenyekiti. "Mwongozo uko wazi," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Wakampa Atupele nafasi ya kurekebisha. Ukurasa ule uandikwe upya katika wiki moja, la sivyo arudie fildi nzima, na kurudia fildi maana yake ni kuachwa mwaka na wenzake.

Jioni alikuja ofisini kwangu. Alibisha hodi, akaniamkia, akasimama karibu na mlango akiwa bado na koti la baridi.

"Mwalimu, wanasema nirekebishe. Nirekebishe nini? Kyubu zimeshavunjika."

Nikamwambia aketi. Nikamwambia ukurasa wake ndio bora katika rundo lote, na ndivyo nilivyoamini. Nikamwomba asubiri, nitakwenda kwa mkuu wa idara. Nikaenda. Mkuu alinipa kiti, akanipa heshima zote, akaniambia mwongozo umetoka juu na hawezi kuubadilisha kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Nikaandika maoni yangu kwa maandishi. Nikaenda tena. Alikuwa na kikao. Nikaenda tena, wiki ikaisha.

Atupele alileta ripoti mpya Ijumaa mchana. Jalada lilikuwa linang'aa. Nikafungua katikati. Picha hazikuwepo, msiba haukuwepo, mvua haikuwepo. Kulikuwa na jedwali la takwimu, na kyubu zote zilikuwa zimefaulu.

"Takwimu hizi umezitoa wapi, binti yangu?"

Alitazama sakafu. "Stesheneri, mwalimu."

Akafaulu fildi.

Mwaka uliofuata aliwasilisha mradi wake wa mwisho mbele yetu watatu wale wale. Kiingereza kimenyooka, michoro safi, kila lengo limefikiwa. Sanga alifurahi kweli, akamwambia, "Huyu binti sasa amekomaa." Alipokuwa anakusanya vitu vyake nikamsogelea nikamuuliza, kwa kumtania kidogo ili asiogope, "Atupele, safari hii hata kipimo kimoja hakikukataa?"

Alinitazama moja kwa moja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja moyo zaidi.

"Kwenye ripoti, mwalimu, hakuna."

Leo ni mhandisi. Anapima zege, na watu wanajenga juu yake kwa kuamini alichoandika. Kalavati la Ipogolo nalo liko pale, malori ya Zambia yanapita juu yake usiku na mchana. Huenda ni imara. Mimi sijui, na hakuna mtu anayejua, kwa sababu karatasi pekee iliyouliza swali hilo sisi tuliagiza ichanwe. Nimefundisha miaka mingi, mwanangu, na nimepeleka barua, na nimesema kwenye vikao, na mwongozo ni ule ule. Sasa hata stesheneri hawana kazi; kijana anaiambia simu yake imwandikie, na simu haijawahi kufeli kyubu. Sikufichi: sioni dalili kwamba mambo yatageuka kabla sijastaafu.

Lakini wewe unaanza. Basi nisikilize. Ukishika ripoti, usianzie kwenye jalada wala kwenye hitimisho. Tafuta mahali palipoharibika. Kazi yoyote ya mikono huharibika mahali, kwa hiyo ripoti isiyo na mahali hapo mwite mwenye nayo, muulize kwa upole mvua ilinyesha siku gani, fundi aliitwa nani. Aliyekuwepo atakujibu huku anacheka. Ukikuta mwanafunzi amekosea kipimo akasema amekosea, mpe alama za kusema, kisha mfundishe kupima. Lugha mbovu irekebishe, lakini usimwadhibu mtu kwa lugha ya kigeni wakati ukweli wake umenyooka. Na akiandika hajui, usimguse kwa kalamu nyekundu kabla hujajiuliza kama wewe unajua. Wenzako watakushinda kwenye meza, mara nyingi tu. Hata hivyo andika maoni yako, weka sahihi yako, na mwite yule mwanafunzi umwambie kwa mdomo wako kwamba alikuwa sahihi. Mwambie siku hiyo hiyo, kabla hajavuka geti.

Mungu akupe macho ya kusoma na uvumilivu wa kukaa na wasiosoma. Akulinde usije ukachoka mapema. Na wale watakaopita mikononi mwako, awajalie wabaki na ujasiri waliokuja nao. Nenda, mwanangu, kafanye kazi.