Gicheru Mchagua Fimbo

Nyuma ya jengo la kilabu cha gofu mjini Nyeri kuna chumba cha mbao ambacho siku hizi huwekwa mitungi ya gesi. Kihara alipofika hapo mwaka wa themanini na tisa, akitoka Nairobi na mfuko wake begani, alisimama mlangoni akasikiliza. Hakukuwa na tupa ikisugua chuma. Hakukuwa na harufu ya gundi ya moto, wala ile redio iliyozoea kukoroma bei za viazi na kahawa. Upepo ulipita juu ya mikaratusi, ukashuka, ukanyamaza. Alijihisi kama mtu aliyeingia kwa mamake mchana akakuta jiko ni baridi.

Chumba hicho kilikuwa cha Moffat Gicheru, mzaliwa wa Wamagana. Alikuwa fundi wa magari ya jeshi vitani Burma, na aliporudi hakutaka tena kuona gari. Alipata kazi ya kutengeneza fimbo za gofu kwa sababu, kama alivyopenda kusema, fimbo haina injini na haimwagi mafuta. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana na sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kumwacha mtu amalize kusema, halafu akae kimya kidogo, kama anayengoja yale ambayo huyo mtu alikuwa hajasema.

Baada ya Uhuru, masetla wa Mweiga na Nanyuki walipokuwa wakiuza mashamba na kuondoka, waliacha vitu vingi ambavyo havingeingia melini. Waliacha piano, waliacha mbwa, na waliacha fimbo zao za gofu kwa Gicheru ili awauzie. Chumba kilijaa hadi dirishani. Wanachama wapya, maafisa wa serikali, walimu na wenye maduka, walikuja kuchagua. Na walichagua kwa jina. Hakuna aliyeuliza fimbo ni nzito au nyepesi, ngumu au laini. Waliuliza, "Hizi zilikuwa za nani?" Wakiwaambia watu pale baa kwamba wanacheza na fimbo za Bwana fulani aliyechukua kikombe mara mbili, walitembea wima zaidi. Ilikuwa kama kununua shamba pamoja na mvua yake.

Kihara naye alichagua kwa jina.

Wakati huo, mwaka wa sabini na moja, alikuwa mkata nyasi wa uwanja huo. Kabla ya hapo alibeba mifuko ya wachezaji, na Jumatatu, siku ambayo wafanyakazi waliruhusiwa kucheza, alikuwa akipiga mpira mbali kuliko mtu yeyote wa Nyeri. Alipiga kwa kasi ya kutisha. Fimbo ilipokuwa ikishuka ungesikia tu mlio wake, jicho halikuiona. Lakini mipira yake ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ingetoka vizuri, ipande, halafu katikati ya safari ikunje kushoto na kuzama vichakani.

Kila mtu alimpa dawa ileile. Punguza. Pole pole, Kihara. Aliyasikia maneno hayo tangu utotoni. Mamake alimwambia apunguze kasi ya kula, mwalimu alimwambia apunguze kasi ya kusoma kwa sauti, na Ngendo, mkewe, alimwambia apunguze mwendo maana yeye si mbuzi wa kukimbizwa sokoni. Alikuwa mtu wa haraka, na kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba haraka ni kilema alichozaliwa nacho.

Sasa habari zilikuwa zimefika kwamba mwalimu wa gofu kutoka Nairobi, Bwana Mutahi, angekuja Nanyuki mwezi ujao kutazama vijana wa sehemu za mlimani. Angechagua mmoja awe msaidizi wake, ajifunze kufundisha, alipwe kwa kazi hiyo. Kihara alijua kwamba nafasi kama hiyo haingepita tena Nyeri. Akishindwa, angekata nyasi hadi azeeke, akiwatazama wengine wakitembea juu ya nyasi hizo.

Aliingia kwa Gicheru akielekeza kidole kwenye mfuko wa ngozi uliokuwa kwenye kona.

"Mzee, nataka hizo. Za yule Bwana wa Mweiga aliyeuvusha mpira mto kwa pigo moja."

"Ulimwona akiuvusha?"

"Sikumwona. Lakini si kila mtu anajua?"

"Mimi nilimwona," Gicheru alisema. "Alikuwa kijana. Hizi fimbo alizinunua akiwa na miaka sabini, goti limekwisha."

Kihara alicheka, akidhani ni mzaha. Gicheru hakucheka. Alichukua fimbo kubwa ya kuanzia, akabana kishikio chake kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania kazi mezani, akavuta kichwa chini kwa kidole na kukiachilia. Fimbo ilitetemeka polepole, kama tawi lililoachwa na ndege. Kisha akatoa kwenye pipa fimbo nyingine, kichwa chake kimechubuka rangi, mpini una madoa ya kutu, akaibana hapohapo. Hiyo ilitetemeka upesi, fupifupi, ikanyamaza.

"Hii ilikuwa ya daktari wa mifugo, kijana mmoja mzungu aliyekaa Mweiga misimu miwili," alisema. "Tazama uso wake. Mpira umechimba mahali pamoja tu, pale katikati. Alikuwa anapiga kama ana vita."

"Alishinda nini?"

"Hakushinda hata soksi. Hakujua kuingiza mpira shimoni."

"Basi mzee, mimi nichukue fimbo za mtu ambaye hakushinda kitu, niende nazo mbele ya watu wa Nairobi?"

"Ati watu wa Nairobi watasoma jina kwenye mpini?"

Kihara alinuna. Gicheru alimtazama, akafungua mfuko wa ngozi na kumkabidhi. "Cheza nazo wiki hii," alisema. "Usiponipenda leo, utanipenda Jumatatu."

Jumatatu hiyo Kihara alipoteza mipira mingi kuliko aliyowahi kupoteza. Fimbo za yule Bwana zilikuwa nzuri mkononi, nyepesi, zinang'aa, na kadiri alivyopiga kwa nguvu ndivyo mpira ulivyokunja. Mwenzake mmoja alimshauri ahamie kushoto, ausalimie mpira ukifika. Jioni alirudi kwenye chumba cha mbao akiwa ameshika mfuko kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani.

Gicheru hakumuuliza kitu. Alimmiminia chai, akavuta kigoda.

"Wewe mkono wako unafika mapema," alisema. "Mpini laini unapinda ukishuka. Ukifika kwa mpira, unajinyoosha kwa ghafla na kukirusha kichwa mbele, nacho kinajifunga kama mlango uliopigwa na upepo. Mpira utaenda wapi tena kama si kushoto? Mzee wa miaka sabini anahitaji mpini umsaidie kurusha. Wewe husaidiwi. Wewe unahitaji kitu cha kukukatalia."

"Watu wote wananiambia nipunguze."

Gicheru alimngoja aendelee, kwa namna yake ile. Kisha akasema, "Usipunguze. Mungu hakukupa kasi hiyo akitaka uiombe msamaha. Tutatafuta fimbo inayokuweza."

Kihara alikuwa mtu mzima, mwenye mke na shamba dogo, lakini ilibidi ainamishe kichwa kwenye kikombe cha chai. Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo.

Walifanya kazi siku kadhaa. Gicheru alichukua ile kubwa ya daktari, yenye uso uliosimama kuliko za wengine ili mpira wa mtu mwenye kasi usipae bure, akaongeza fimbo nyingine ya kichwa cha mbao na mbili ndefu za kichwa cha chuma kutoka pipa lilelile. Kila moja aliibana kwenye jiliwa na kuitikisa. Iliyotetemeka tofauti na wenzake aliirudisha, hata ikiwa nzuri kwa macho. Alichunguza vichwa vya mbao kama vina ufa, akagonga shingo za chuma kusikia kama gundi imeachia. Mwisho akafunga vishikio kwa vipande vya mpira wa tairi ya baiskeli, akavifanya vinene.

"Kishikio kinene kinalaza kiganja," alieleza. "Mkono wako hautajipindua. Na kitu kimoja, Kihara. Miaka hii yote umesimama ukilenga kulia, ukijua mpira utarudi. Hizi hazitarudisha. Simama ukitazama unakotaka kwenda."

Nanyuki, asubuhi, mlima ulikuwa wazi hadi kileleni na baridi ilikuwa ya kukata masikio. Watu wachache walikuwa wamekuja kutazama, miongoni mwao Diriye, mwuza ng'ombe, aliyevaa koti refu na kusimama kando ya njia. Kihara aliitwa. Miguu yake, kwa mazoea, ikajipanga kulia. Alipiga. Mpira ulikwenda moja kwa moja, bila kukunja hata kidogo, pale pale alipokuwa amelenga, ndani ya miiba.

"Kijana," Diriye alisema kwa upole, "mpira wako umeenda kutafuta ng'ombe wangu. Ukiupata, uambie urudi na wale wawili waliopotea."

Watu walicheka. Kihara naye alijikuta anacheka, na ndani ya kicheko hicho alielewa kwamba fimbo ilikuwa imemtii, na kwamba kosa lilikuwa la miguu yake. Shimo la pili alisimama akitazama bendera. Ilimtisha. Mwili wote ulitaka kugeuka kulia. Alikaza viganja kwenye ule mpira wa baiskeli na kupiga kwa kasi yake yote, bila kuzuia kitu, na mpira ukaenda juu ya njia ya nyasi kama umevutwa kwa kamba.

Hakuwa wa kwanza siku hiyo. Kijana mmoja wa Nanyuki alimshinda, kwa sababu ya ile miiba. Lakini Bwana Mutahi alimwita kando, akaomba ile fimbo kubwa, akaipunga mara moja hewani, akaipunga tena, kisha akamrudishia.

"Hii mimi siiwezi," alisema. "Utakuja Nairobi lini?"

Kihara alirudi Nyeri na kilo kadhaa za sukari na blanketi kwa Gicheru. Mzee alipokea sukari, akasema blanketi apewe mama Wachuka, yaani mke wake, kwa maana ndiye aliyevumilia harufu ya gundi miaka yote. Juu ya shukrani alisema neno moja tu. "Ukifundisha, ukiona mtu anapiga vibaya, tazama kwanza alichoshika, kabla hujamwambia apunguze."

Kihara alifundisha Nairobi kwa karibu miaka ishirini. Wanafunzi wake walimjua kwa tabia ya kuwanyang'anya fimbo kabla ya kusema lolote. Kuna siku alimwona mwanamke mmoja aliyepiga kwa haraka na aibu, akiomba radhi kila mara mpira ulipokunja, naye akamtafutia fimbo ngumu zaidi. Alipouona mpira wake ukinyooka, Kihara alitembea hadi kwenye kivuli na kukaa huko peke yake kwa muda, akimshukuru mtu ambaye hakuwa hapo.

Siku ile ya themanini na tisa alipokikuta chumba kimya, Kihara aliambiwa kwamba mzee alikuwa ameacha kazi na kurudi kwao. Moffat Gicheru bado anaishi Wamagana, katika shamba lake la majani chai, pamoja na mkewe na binti yao Wachuka. Haoni vizuri tena, na Jumapili huenda kanisani kwa miguu.