Nyanya ana valve ya chuma moyoni, na kopo langu la unga wa kijani nusura limmalize

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya nimeyaishi mwenyewe, sikusimuliwa, na ile sehemu inayoniaibisha sitairuka.

Nyanya yangu, mama yake baba, anakaa Majengo, Pumwani. Miaka kadhaa iliyopita alibadilishwa valve ya moyo, akawekewa ya chuma. Tangu hapo anameza dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, na kila mwezi anapimwa kliniki.

Damu ikiwa nzito sana inaweza kuganda pale kwenye valve, apate stroke. Ikiwa nyepesi sana, anavuja. Lazima ikae katikati.

Mwaka jana akaanza kukonda. Mimi nauza nguo za watoto Eastleigh, na jirani yangu wa stall anauza virutubisho. Akanipa kopo la unga wa majani ya mlonge, "natural kabisa, hauna madhara." Nikampelekea Nyanya kifua mbele. Nilijiona daktari bingwa, wallahi!

Sasa, nyinyi mnawajua watu wetu. Huendi kumjulia mgonjwa hali mkono mtupu. Zamani walileta maziwa na ndizi. Walipoliona kopo langu kwenye kabati la vyombo, ikawa mashindano. Shangazi Zuhura wa Mbotela, bintiye Nyanya, akaleta vidonge vya kitunguu saumu. Jirani akaleta poda ya protini yenye ladha ya vanilla. Mwingine mafuta ya samaki.

Na kila mmoja akirudi, akimaliza tu salamu: "Ile yangu unatumia?"

Kliniki nako mambo yakaanza kuharibika. Kipimo kikaonyesha damu nzito, daktari akaongeza dawa. Nikasafiri wiki mbili kufuata mzigo. Kurudi, namkuta Nyanya fizi zinatoa damu na mikono imejaa michubuko. Nikamkimbiza kliniki: safari hii damu nyepesi kupita kiasi.

Daktari akamuuliza kama kuna kitu kingine anatumia. Nyanya akajibu bila kupepesa macho, "Chakula cha nyumbani tu." Na hakudanganya. Kwake yeye zawadi si dawa.

Nje daktari akanivuta kando, akaniambia tukiendelea na huku kupanda na kushuka tunaweza kumpoteza. Niliogopa, wakuu. Huyu mama ndiye aliyenilea.

Alhamisi moja nikapita kwake bila kumwambia. Namkuta anameza vidonge vya Shangazi, uso umemkunjamana.

"Nyanya, mbona leo ni hivi vya Shangazi?"

"Zuhura anakuja kesho. Akiniuliza nimwambie nini?"

"Na ule unga wangu?"

"Huo nakunywa ukiwa unakuja wewe. Uliposafiri nilipumzika kidogo. Mchungu huo, mjukuu wangu, astaghfirullah!"

Nikacheka. Halafu kicheko kikakatika chenyewe.

Yaani mwanamke huyu mwenye chuma moyoni alikuwa anakunywa vitu kulingana na ratiba ya wageni! Hataki kumvunjia mtu heshima, na hataki kusema uongo.

Nikatia kila kitu kwenye mfuko, moja kwa moja kliniki. Mfamasia akayapanga makopo mezani, akasoma lebo moja moja. La kwanza kusukumwa kando lilikuwa langu. Majani yale yana vitamini K kwa wingi, yanapingana na dawa yake. Nikija mara kwa mara, damu inakuwa nzito. Nikisafiri, ile dawa iliyoongezwa inabaki bila kipingamizi, na vile vidonge vya kitunguu saumu navyo vinaweza kuzidisha kuvuja. Nilitamani ardhi inimeze.

Kosa la pili: nikaandika kwenye group ya familia kama hakimu. Shangazi akaleft. Ikabidi niende Mbotela mwenyewe kumwambia aliyeanza ni mimi, na kopo baya kuliko yote ni langu. Alinuna kama dakika tano hivi, kisha akavaa buibui. "Twende kwa mama."

Jumapili Nyanya akatuita wote. "Nawapenda," akasema. "Lakini miezi yote hii nimekunywa adabu. Sasa basi! Anayetaka kuleta kitu, alete mayai."

Watu wakaangua kicheko. Shangazi akalia.

Daktari akarekebisha dozi ya dawa, na mtaalamu wa lishe pale kliniki akatupangia chakula cha kawaida kabisa: mayai, samaki, maharagwe, uji, na sukuma wiki kiasi kile kile kila wiki. Shangazi akashika jiko.

Na sasa sikieni. Vipimo vitatu mfululizo, vyote katikati! Mwezi huu daktari akamwambia, "Mama, hapa sina la kurekebisha." Nyanya akapiga vigelegele pale pale kliniki, nesi akaitikia, foleni nzima ikageuka. Kilo zimerudi. Tulipotoka aliukataa mkono wangu, akatangulia hadi barabarani, mimi nyuma nahema na mkoba wake. Nililia, na sioni haya kusema.

Sisemi virutubisho vyote ni sumu, wapo walioandikiwa na daktari. Ninachosema, kila kopo lipite kliniki kwanza. Na tafadhali, mtu asiache dawa yake kwa sababu ya uzi wangu.

Mzee wako usimuulize tu anatumia dawa gani. Atakujibu ukweli mtupu, na hutajua lolote.

Haya, uwanja ni wenu. Nani alimtembelea mzee wako wiki hii, na alikuja na nini mkononi?