Pengo Alilonipa Bibi Loisi

Nikicheka mnaliona pengo. Meno mawili ya mbele, ya juu, yaling'olewa kwa fimbo na Bibi Loisi Sinkala nikiwa darasa la nne, na anayetaka kumsema vibaya bibi yule akae mbali nami.

Bibi Loisi ndiye aliyetufundisha kuvua sisi watoto wa kijiji chetu, kule bondeni kwenye mto Momba. Hakuwa mpole. Mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole viwili, vingine vililiwa na mamba, na kila mtoto mpya alionyeshwa mkono huo karibu kabisa na pua. Ukiingia majini kabla hajachokoa vichaka kwa mti mrefu, fimbo. Maji yakikupita magoti, fimbo. Ukimshika kambale kwa woga akakuchoma na mwiba, fimbo, kisha anakukamua damu mwenyewe huku akikutukana kwa Kinamwanga. Nilimwogopa kuliko mamba, na bado kila kiangazi nilikuwa wa kwanza kufika.

Mgono, lile kapu refu la matete ambalo samaki akiingia hatoki, hubebwa kwa mikono miwili. Kwa hiyo alitufundisha kutumia meno. Ukipata perege mdogo unamng'ata kichwani, anakufa, unabaki naye mdomoni mpaka ukingoni. Hodari wa hilo alikuwa Osea, mjukuu wake. Wazazi wa Osea walikwishakufa, Bibi hakuwa na mwingine duniani, na alimchapa kuliko sisi sote ili tusiseme anampendelea.

Kiangazi cha mwaka 1996 mto ulikatika, yakabaki madimbwi. Wakati kama huo wazee walikuwa wakitwanga majani ya utupa na kuyamwaga majini. Samaki hulewa, huelea, mnaokota, mnatoa matumbo, mnaosha, mnapika, na hakuna anayeumwa. Hata Bibi hakuukataa utupa. Ila miaka hiyo dawa za wadudu wa kahawa zilikuwa zikiuzwa ovyo madukani kule Itaka, zinapimwa hadi kwenye chupa za soda. Lusubilo, kijana aliyekuwa akipeleka samaki Tunduma kwa baiskeli, akaona kutwanga majani ni kujichosha bure. "Dawa ni dawa," alisema. Akili za Lusubilo zilikuwa miguuni, kwenye pedeli.

Asubuhi hiyo tulikuwa ndani ya dimbwi, maji magotini, migono mikononi. Lusubilo na wenzake wawili walimwaga dumu lao upande wa juu, nyuma ya matete, bila kutuambia neno. Samaki wakaanza kuruka, kisha wakageuka matumbo juu. Tulishangilia, maana tulidhani ni utupa. Nilimng'ata perege wa kwanza, nikakumbatia mgono wangu, nikaanza kurudi ukingoni.

Bibi alikuwa ameketi mchangani akikaza kamba za mgono uliolegea. Mbele yake chura alitoka majini, akajipinda, akakakamaa. Kwa utupa chura hafi. Bibi aliinuka na fimbo.

"Temeni," alisema. "Temeni wote."

Hatukuelewa. Osea alikuwa mbali, upande wa kina Lusubilo. Mimi nilikuwa karibu. Bibi aliingia majini akanishushia fimbo mdomoni kwa nguvu zake zote. Samaki akaruka, meno yakaruka naye, damu ikanijaa kooni. Akanikamata nywele, akanitupa mchangani kama gunia, akawageukia wengine. Aliwapiga midomo, mikono, popote fimbo ilipofika, na mmoja alivunjika kidole. Watoto walilia, nami nililia nikimchukia kwa moyo wote.

Lusubilo alimzuia njia. "Mama, acha wivu. Hawa samaki ni wa wote."

Bibi alimchapa fimbo ya sikio, akayumba. Wenzake wakamwangusha Bibi, wakampiga mateke ya mbavu, na mmoja akamkalia mgongoni akimkandamiza uso kwenye tope. Humo topeni alikuwa akiita jina moja tu. Osea alikuwa amesimama katikati ya maji akiwatazama wanaume watatu wakimpiga bibi yake. Mgono ulikuwa kifuani na samaki mdomoni, kama alivyofundishwa. Hakumtema kwa sababu alikuwa hajafika ukingoni.

Alianguka akija kumsaidia. Alitapatapa majini, povu likimtoka, macho yamegeuka. Wale wanaume walipoona hivyo walikimbia. Bibi alitambaa mpaka kwake na mbavu zilizovunjika, akamvuta nchi kavu, akapanua taya zake na kumtoa yule samaki. Osea alikufa kabla watu hawajafika na machela.

Baada ya mazishi Bibi alikwenda kwa Lusubilo na panga. Lusubilo alikuwa ameshavuka mpaka, yuko Nakonde. Hajarudi mpaka leo, na namwombea mabaya huko aliko. Bibi alikata mlango, akakata kitanda, akaikata ile baiskeli mpaka panga likapinda. Watu walisimama wakamwacha.

Kiangazi kilichofuata alirudi mtoni kufundisha. Mtoto aliyepeleka samaki mdomoni alichapwa mpaka akajikojolea. Mimi hakunichapa tena. Ila kila aliponikuta, njiani, kisimani, hata kanisani, aliniambia, "Fungua mdomo, Tabita." Nafungua. Anatazama pengo, anakwenda zake. Nilipoolewa Tunduma mume wangu alitaka kuniwekea meno ya bandia, nikakataa, tukagombana kweli kweli.

Mwaka 2011 niliitwa kijijini. Bibi alikuwa hoi kitandani, macho yake hayaoni tena. Nilipiga magoti nikamsalimia, akaitambua sauti. Sikungoja aniombe. Nilifungua mdomo, nikauchukua ule mkono wa vidole viwili nikauleta usoni kwangu. Alipapasa midomo yangu, akaingiza kidole kimoja kwenye pengo, akakiacha hapo.

"Wewe nilikufikia," alisema.