Mtoto wa Katikati Kwenye Ukurasa wa Tisa

Kabla hajachora kitabu chochote, alikuwa amechora vibao vya maduka kwa miaka kumi na minane: vichwa vilivyonyolewa vya vinyozi, ng'ombe wa mabucha, matairi, meno meupe ya daktari wa meno. Watu walimwita Mama Rangi, ingawa hakuwa na mtoto, kwa sababu kucha zake hazikuwahi kutakata. Alikuwa mwanamke asiyekalika. Ukimpa kiti, alikaa ukingoni. Ukimpa chai, aliinywa amesimama, macho mlangoni, kama anayesubiri kuitwa.

Siku moja mhariri wa vitabu vya watoto alifuata nyama buchani, akamwona ng'ombe wa kwenye kibao. Akauliza nani kamchora. Alisema ng'ombe yule anamtazama mtu kama anamjua.

Ndivyo Mama Rangi alivyopewa kazi ya kitabu cha picha cha darasa la kwanza, kurasa kumi na sita, maneno machache. Kilihusu mtoto na watu wa kwao.

"Mtoto akikifungua, ajione," mhariri alimwambia. "Hilo tu."

Kurasa nane zilitoka bila taabu. Ya tisa ikagoma. Maneno yake yalikuwa haya: Jioni tunakaa pamoja, tunaongea. Alichora baba, mama, bibi na watoto wawili sebuleni. Akachana. Akachora tena, akachana tena. Mara ya nne picha ilikuwa nzuri, na imekufa. Aliosha brashi zilizokwisha kuoshwa. Alitoka nje, akarudi, akatoka.

Kilichomsumbua alikijua, ila hakutaka kukitazama usoni. Baba yake alikuwa mtu wa kuja, aliyefuata kazi akaoa huko huko. Lugha ya kwao aliisema akiwa ananyoa ndevu au akiwa na homa, basi. Watoto wake hakuwafundisha. "Mtachekwa," alisema. Baba alifariki Mama Rangi akiwa na miaka kumi na mmoja, akamwachia maneno kama kumi hivi, nusu yake ya kufukuzia kuku. Sasa Mama Rangi huyo ndiye aliyeambiwa awachoree watoto watu wa kwao.

Mwisho alizifunga zile kurasa kwenye kanga, akazipeleka shule aliyofundisha rafiki yake. Mwalimu akazipanga sakafuni, watoto wakazunguka. Walikuwa wakosoaji wakali. Mbwa wa ukurasa wa tatu alikuwa msafi mno. Mlango wa ukurasa wa sita haukuwa na kitasa, wataingiaje? Walipofika ukurasa wa tisa wakausogelea. Kisha binti mmoja mwembamba, pengo mbele, akauliza:

"Anayewatafsiria yuko wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Kasuku huyo," mmoja akasema.

Mwalimu akawanyamazisha, akamweleza Mama Rangi kwa sauti ya chini kwamba binti alibandikwa jina hilo kwa sababu bibi yake anapomfuata shuleni, yeye huyageuza maneno ya kila mtu, huku na huku.

Mama Rangi akachuchumaa. "Nyumbani unamtafsiria nani, mwanangu?"

"Bibi na mama. Mama haelewi lugha ya bibi, na bibi haelewi ya mama. Baba akiwa kazini nakaa katikati."

"Na wakisema vibaya?"

Binti akafikiri. "Mama nambadilisha kidogo. Bibi nambadilisha sana."

Mama Rangi alicheka, halafu akajikuta barazani, hajui alisimama saa ngapi. Aliporudi hakuomba ruhusa ya mtu. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti kifuani, akamwomba binti amwonyeshe anavyokaa.

"Hivi," binti akasema, akageuza shingo kushoto, kisha kulia, haraka haraka.

Penseli ikaanza kukimbia. Watoto wakasogea. Yule aliyecheka kuliko wote akasema, bila kuulizwa, kwamba yeye akienda kwa babu yake anaambiwa anaongea kama mgeni, na akirudi mjini anaambiwa anaongea kama babu yake. Hakuna aliyemcheka. Mwalimu akagawa karatasi, na somo la hesabu likafa siku hiyo.

Mhariri hakufurahi.

"Mtoto wa darasa la kwanza atachanganyikiwa," alisema. "Familia, jioni, maongezi. Kwa nini tumwongezee mkalimani?"

"Ulitaka ajione."

"Nilitaka watoto wote wajione."

"Mimi sikuwahi kujiona," Mama Rangi akasema. Alikuwa ameshasimama. "Ukiutoa ukurasa huo, toa na jina langu."

Siku tatu alisubiri jibu, na zilikuwa mbaya. Aliandika kibao cha duka la dawa akasahau herufi, ikabidi apake upya ubao mzima huku mwenye duka akimwangalia. Siku ya nne mhariri akapiga simu. Ukurasa unabaki. Ila alikuwa amejaribu sentensi nyingi chini yake na zote zinaifunga picha, kwa hiyo atauacha bila maneno, pawe na mstari mtupu, mtoto aseme au aandike yake.

Mama Rangi hakutaka kitabu kichapwe kabla bibi wa yule binti, aliyemchora kwa kumsikia mjukuu tu, hajaiona picha. Akaenda kwao binti alasiri moja. Bibi aliushika ukurasa kwa mikono miwili, akautazama, akasema maneno mengi.

"Anasema ni nzuri," binti akatafsiri.

"Amesema zaidi ya hapo, mwanangu."

Binti akamtazama bibi, akamtazama mama yake aliyesimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Amesema pua yake umeikosea." Akameza mate. "Na amesema kwenye picha mama amekaa mbali. Na hapa nyumbani pia. Anataka asogee, ila anaogopa kumwomba."

Mama wa binti aliweka sufuria chini. Alivuta kigoda hadi miguuni pa mkwewe, akaketi, na hakuna aliyesema neno kwa lugha yoyote. Kwa mara ya kwanza binti alikuwa katikati na hana kazi. Akaondoka akaenda kucheza.

Mama Rangi alirekebisha pua, akamsogeza mama, kitabu kikachapwa.

Jina la Kasuku halikufa. Watoto ni watoto. Lakini ule mstari mtupu uliamsha mambo. Mtoto mmoja aliandika kwamba baba yake ana majina mawili, la nyumbani na la kazini, na baba huyo akaja shuleni amefura, kitabu mkononi. Mwalimu akamwita Mama Rangi aje ajibu kazi yake. Alikimbia njia nzima akipanga maneno ya kujitetea. Alipofika alimkuta yule baba amejikunja kwenye dawati dogo kando ya mwanawe, akimsimulia taratibu jina la nyumbani lilitoka kwa nani, na kwa nini alipoanza kazi aliona heri alifiche.

Mama Rangi alisimama mlangoni, akasikiliza kidogo. Hakuingia. Kulikuwa na kibao cha fundi viatu kinamngoja, na ngazi ya kuazima ilitakiwa kurudishwa kabla ya saa kumi.