Bahari Isiyokupwa

Mama alipanda ndege ya kwenda Tunisia kwa nia moja, na hakuificha. "Nakwenda kumchukua mwanangu," alimwambia kila jirani wa Sur, kwetu Oman, aliyekuja kumuaga. Mimi nilikuwa mbeba mizigo tu. Mwanawe huyo ni mdogo wangu, aliyeolewa na mwalimu wa Kitunisia aliyekuwa akisomesha Nizwa, huko huko Oman. Harusini mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, maana Nizwa unakwenda kwa gari na kurudi siku hiyo hiyo. Mkataba wa mwalimu ulipokwisha, akarudi kwao na mke wake. Mama akauita wizi mtupu, na kwa miaka minne akawa anapokea simu zao kwa "alhamdulillahi" na "haya, kwaherini", basi.

Niseme kweli, niliogopa. Mdogo wangu kwenye simu ni jasiri, lakini ana kwa ana hajawahi kumkatalia mama kitu. Mama akilitamka neno lake, ama ndoa ivunjike ama ibaki na ufa, na tiketi nilikata mimi.

Mji wao ni mdogo, umekaa juu ya kilima kinachoteremka mpaka majini. Kuta nyeupe, milango ya buluu, mizabibu imetanda juu ya nyua. Mimi naishi Ibra, ambako mwezi wa sita jua linakufukuza ndani. Jua la kule lilikuwa linakuita utoke. Mdogo wangu alitupokea mlangoni kwa shikamoo na machozi. Mumewe naye akajaribu shikamoo yake, aliyofundishwa Nizwa, akaitamka kama anayepiga chafya. Mama akamwitikia marahaba kwa shingo upande.

Asubuhi ya pili mama akauliza maji yanakupwa saa ngapi. Nilimfasiria mkwe wetu kwa Kiarabu, akabaki ananitazama. Mama alizaliwa Unguja na amezeekea Sur, na siku zake zote amezipanga kwa maji kujaa na maji kupwa. Alitaka yapwe ateremke miambani kutafuta chaza. Akachukua kikapu, akakunja pindo la abaya, akakaa juu ya jiwe kungoja. Nikakaa naye. Tulingoja asubuhi nzima. Maji yalikuwa ya kijani karibu na ya buluu mbali, unaona kokoto moja moja chini, na yalibaki pale pale, yanalamba jiwe lile lile. Mkwe alipokuja na mwavuli, akatueleza kwa adabu kwamba bahari yao ndiyo hivyo ilivyo, haipwi, labda kiganja tu.

"Haendi popote huyu?" mama akauliza, kama vile bahari ni mtu. Kisha akakitazama kikapu chake kitupu. "Subhanallah. Miaka sabini na kitu, nikidhani bahari ni moja."

Tangu hapo kitu kikalegea ndani yake. Chakula cha mchana kilikuwa kuskusi ya samaki, wali wao wa ngano uliopikwa kwa mvuke, na samaki mzima juu yake, na mchuzi mwekundu wa pilipili uliotutoa jasho. Mama mkwe wa mdogo wangu alitumiminia mafuta ya zeituni mabichi, ya kijani, yanayokwaruza koo. Mama alichovya mkate, akafumba macho, akachovya tena. Mtu huyu Sur hula vijiko vitatu akasema ameshiba. Siku hiyo alimaliza sahani, akachambua na kichwa cha samaki.

Walitupeleka kwenye shamba la mizeituni. Mama aliweka viganja vyote viwili juu ya shina moja nene, lililojipinda, ambalo watu watatu tusingeweza kulikumbatia. Akauliza limepandwa na nani. Mkwe akasema hata babu wa babu yake alilikuta. Mama hakutoa mikono. Niliona midomo yake inakwenda, nikageuka pembeni nisimsumbue.

Lakini kilichomshangaza zaidi hakikuwa mti wala bahari. Sokoni mdogo wangu alisimama mbele ya muuza samaki, mkono kiunoni, akamwambia kwa Kiarabu chao kwamba samaki yule macho yameingia ndani, ni wa jana. Yule mtu akacheka, akamtolea mwingine kutoka chini ya barafu. Njia nzima ya kurudi watu walikuwa wakimwita, huyu anamuuliza hali, yule anampa ndimu.

"Anawagombeza kwa lugha yao," mama alininong'oneza. "Na wanamsikiliza!"

Siku ya mwisho, baada ya alasiri, tulikaa uani. Mdogo wangu akaleta kahawa yao, iliyotiwa maji ya maua ya mchungwa, harufu ikajaa. Mama akapokea kikombe chake, akakitazama, akakiweka chini bila kukinywa.

Moyo ukanilipuka. Kwetu mgeni mwenye haja nzito huweka kahawa chini, na hainywi mpaka mwenye nyumba amkubalie haja yake. Tena mwenye nyumba hukubali kabla hajajua anaombwa nini. Mama mkwe alidhani kahawa imekosa sukari, akasukuma bakuli. Mdogo wangu alisimama na sinia, rangi imemtoka. Alimtazama mumewe, akamtazama mama.

"Sema, mama," akasema mwishowe, sauti haitoki vizuri. "Umeshapewa."

Mama hakuwa na haraka. Alijitengeneza ushungi kwanza.

"Hapa nilikuja kama askari," akasema. "Hukunialika, na wallahi sikukupa nafasi ya kunialika. Miaka minne nakukatia simu. Nataka unialike."

"Mama, hapa ni kwako, unaalikwa vipi..."

"Si kwangu. Ingekuwa kwangu nisingeomba. Nialike."

Mkwe wetu alituuliza kwa macho kuna nini, na hapana aliyemfasiria. Mdogo wangu akaliweka sinia chini. Alipiga magoti mbele ya mama, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, akaanza neno, likakatika, akalianza tena.

"Karibu kwangu, mama."

Hakuwahi kuiita nyumba ile kwake mbele ya mama. Mama akainua kikombe, kahawa imeshapoa, akainywa yote mpaka machicha.