Kocha wa Mpira wa Yai

Kocha wetu hakumwomba mtu ajiunge na timu, alimrushia mpira. Mimi alinirushia mpira wenye umbo la yai nikiwa nimekumbatia mfuko wa unga nje ya duka la Waafrika kule Alief, mtaa wa Houston. Nikaudaka kwa mkono mmoja. Akavinyoosha vidole vyake vilivyopinda, kimoja kimoja, kama alivyofanya kila mara kabla ya kusema lolote, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Jumamosi, saa tatu." Hivyo ndivyo alivyoijaza upya timu ya soka la Kiaustralia, linalochezwa kwa mikono na miguu, iliyokuwa ikifungwa kila wiki.

Msimu ule hatukuwa tumeshinda hata mechi moja. Siku Dallas walipokuja Houston wakiwa na upungufu wa wachezaji, nikajua leo ni leo. Kocha akavinyoosha vidole, akanipa jezi yao. 

"Coach, unawapa mfungaji wetu?" Placide, beki wetu, akauliza.

"Bila wao hakuna mechi."

Nikamnong'oneza Kocha, nikimuuliza kama nicheze kivivu. Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

Bao lililowapa Dallas ushindi nililifunga mimi. Wenzangu wakaganda. Aliyepiga makofi alikuwa mmoja tu, kwa vidole vilevile vilivyopinda.