Milioni na Tatu ya Mwalimu Bernadeta

Mwalimu Bernadeta wa Idete, kijiji cha bondeni, alikuwa na elimu ya darasa la saba na ubishi wa chuo kikuu. Aliingia ualimu enzi za UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, walimu walipookotwa vijijini kwa haraka, na kwa miaka kumi na saba hesabu za darasa la saba zilikuwa zake. Mwaka 1994 nusura anyang'anywe.

Mei ile, mwanafunzi wake Stumai aliuliza kama namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, zipo hata baada ya milioni. Bernadeta akaandika ubaoni: 1,000,003. Kumbe mkaguzi wa shule, Osward, alikwishasimama mlangoni, kijana wa diploma, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Namba kubwa hivyo haiwezi kukosa kigawanyo, mama."

"Kigawanyo kipi, Mkaguzi?"

Aliandika tu kwenye daftari lake kwamba mwalimu anapotosha watoto, na kwamba Julai akirudi bila kupewa uthibitisho, mama huyu atahamishiwa darasa la kwanza.

Juni shule ilifungwa, na kama kila kaya ya bondeni, Bernadeta na mumewe Kelestini wakahamia shambani kulinda mpunga. Alipanda dunguni, kile kijukwaa cha miti cha kuamia ndege, akiwa na penseli na karatasi za mifuko ya sementi. Alikusudia kuigawanya milioni na tatu kwa kila namba tasa iliyo chini ya elfu. Ziko mia moja sitini na nane. Kwelea wakitua, anavurumisha kombeo na kupiga mayowe. Wakiruka, anarudi kugawanya.

Siku ya kwanza tu, kwa kumi na tatu, hakikubaki kitu. Masikio yalimwaka kwa aibu.

"Basi, mama Natalia, yaishe," Kelestini alimwambia mkewe kutoka chini. "Darasa la kwanza nako mshahara ni uleule."

"Mshahara uleule, na heshima je?"

Akazidisha kurudi nyuma, akapata namba yenye sifuri sita. Milioni na tatu ina tano! Kwelea walipomkatiza, mkono wake uliongeza ya sita. Aliwatukana ndege wale kwa Kindamba mpaka akaridhika, kisha akaanza upya. Kwa kumi na tatu ilibaki nne. Siku ya ishirini, kwa 997, ambayo ndiyo ya mwisho, ilibaki kumi na mbili.

Julai Osward alirudi darasani na kikokotoo. Alijaribu namba hii, akajaribu ile, na kila mara mashine ikatema desimali. Mwishowe akatabasamu.

"Umeishia 997. Na zinazozidi elfu je?"

"Mkaguzi, kigawanyo hakitembei peke yake. Kina mwenzake wa kuzidishwa naye. Wote wawili wakizidi elfu, jibu linaipita milioni na tatu. Kwa hiyo mmoja wao lazima akae chini. Na huko chini nimebisha hodi kila mlango."

Osward alizipekua zile karatasi zenye vumbi la sementi mpaka ya mwisho. Akatoa kalamu, akakata alichoandika Mei.

"Darasa la saba libaki lako, mama."

"Halijawahi kutoka mikononi mwangu," alisema Bernadeta, akichukua chaki. "Kaa pale nyuma, karibu na Stumai. Kipindi kimeanza."